Milima ya Alpi kwa treni wakati wa theluji: mwongozo kamili wa kupanga safari kwa pasi

Ilikuwa katikati ya Januari na Zürich yote imefunikwa na ukungu. Shangazi alikuwa amefika usiku akitokea Dar es Salaam. Asubuhi akafungua pazia la hoteli, akatazama nje, akalirudisha. "Mwanangu," akaniuliza, "milima yenyewe iko wapi?" Sikumjibu. Nilimfunga skafu, tukapanda treni hadi Arth-Goldau, na hapo tukahamia treni ndogo ya Rigi inayokwea kwa reli ya meno. Kwa muda mrefu hatukuona ila weupe mtupu na matawi ya misonobari yaliyoganda. Ghafla behewa likatoka juu ya ukungu, kama mzamiaji anavyotoa kichwa majini kuvuta pumzi. Jua kali, anga ya buluu, na chini yetu ukungu umetandaa hadi upeo wa macho, vilele vimechomoza kama visiwa. Shangazi ni mtu wa Tanga. Alitazama kitambo, kisha akasema, "Hii ni bahari." Wenyeji wa huko nao wanaiita hivyohivyo: bahari ya ukungu.

Ninaishi kusini mwa Ujerumani, na nimeshawapeleka ndugu na marafiki Uswisi mara nyingi, karibu kila mara wakati wa baridi. Kinachoadimika huko msimu huo ni mwanga. Treni zipo tele na theluji ipo, lakini mchana ni mfupi, na mabondeni ukungu unaweza kukaa siku tatu mfululizo. Pasi ya safari inapata thamani yake hapo: inakuruhusu kubadili mawazo saa 1 asubuhi na kupanda treni nyingine kabisa kulifuata jua, bila kununua tiketi mpya. Ukiipanga safari dakika kwa dakika kama ratiba ya harusi, umeitupa faida hiyo. Hatua zote zifuatazo nimezipanga nikilenga jambo hilo.

## Chagua majuma kabla ya kuchagua milima

Ratiba mpya ya reli ya mwaka huanza katikati ya Desemba. Kabla ya hapo, tangu katikati ya Oktoba, baadhi ya huduma za kitalii husimama kwa matengenezo. Glacier Express, kwa mfano, haisafiri kabisa kipindi hicho. Kwa hiyo Novemba iache.

Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya vyumba hujaa na bei hupanda. Februari ni likizo ya shule kwa mikoa mingi, familia nzima zinahamia milimani. Pengo zuri ni kuanzia wiki ya pili ya Januari hadi mwisho wa mwezi: theluji imeshiba na watu wamepungua. Ila mchana wake ni mfupi. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza Zürich saa 2 na dakika 10 asubuhi hivi na kuzama saa 10 na dakika 40 jioni. Katikati ya Februari huzama karibu na saa 12, na Machi unapata siku ndefu huku juu milimani bado kuna theluji. Ningeulizwa nichague kwa ajili ya mzazi mtu mzima asiyependa haraka, ningesema Machi. Kwa kijana anayebana senti, Januari.

## Viza kwanza, pasi baadaye

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje mwisho huo, maana kupata miadi peke yake kunaweza kula wiki kadhaa. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kama siku nyingi ni za Uswisi na moja ya Italia, omba kwa Uswisi hata kama ndege inatua Milano.

Kwenye ratiba unayoambatanisha, weka miji ya kulala na tarehe, na malazi yanayoweza kufutwa bila faini. Pasi ya treni usiinunue kabla viza haijatoka. Inanunuliwa mtandaoni na kutumwa kwa barua pepe, hakuna sababu ya kuiwahi.

## Pasi ipi

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, kwa hiyo soma polepole.

Swiss Travel Pass ni ya wasioishi Uswisi wala Liechtenstein. Inauzwa ya siku 3, 4, 6, 8 au 15, daraja la kwanza au la pili. Inakupa treni, mabasi ya njano ya posta, meli za maziwani, tramu na mabasi ya miji zaidi ya 90, na kuingia makumbusho zaidi ya 500. Mlima Rigi umo ndani bila kuongeza hata senti. Reli na nyaya nyingi nyingine za kupanda vilele unalipa nusu. Walio chini ya miaka 25 wana punguzo lao. Watoto wa miaka 6 hadi 15 husafiri bure kwa kadi ya familia inayotolewa bila malipo, lakini sharti waongozane na mzazi. Shangazi au mjomba hahesabiwi, hata kama ndiye aliyewalea.

Kuna ya siku mfululizo, na kuna Flex ambayo siku zake unazitawanya ndani ya mwezi mmoja. Flex ni ghali kidogo, na kwa safari ya majira ya baridi mimi huona inastahili, kwa sababu siku ya ukungu au ya uchovu unaweza kupumzika bila kuichoma. Kila siku unayosafiri unaiwasha mwenyewe kwenye mtandao kabla ya kupanda treni. Ukisahau, mbele ya mkaguzi wewe ni mtu asiye na tiketi. Siku moja ya pasi hudumu hadi saa 11 alfajiri ya siku inayofuata.

Eurail na Interrail ni ndugu wawili wanaotofautishwa na makazi. Anayeishi nje ya Ulaya anunue Eurail. Anayeishi Ulaya anunue Interrail. Kinachoangaliwa ni unapoishi, hata Mtanzania anayekaa Hamburg ni wa Interrail. Zinafaa ukitaka kuunganisha Ujerumani, Austria, Uswisi na Italia katika safari moja. Ndani ya Uswisi peke yake zina mapengo: tramu za mjini hazimo, na baadhi ya treni za milimani unapewa punguzo tu.

Halafu ipo Swiss Half Fare Card, ya mwezi mmoja, inayokata nauli nusu karibu kila mahali. Huyu ndiye mshindi kimyakimya kwa anayekaa kijiji kimoja na kupanda kilele kimoja au viwili.

Namna ya kuamua ni hesabu ya dakika 20. Fungua SBB Mobile, programu ya simu ya shirika la reli la Uswisi, andika kila safari unayodhani utaifanya, nakili nauli kamili kwenye daftari, jumlisha. Jumla ikizidi bei ya pasi, pasi inalipa, ila fanya kwanza hesabu ya pili. Nusu ya jumla pamoja na bei ya Half Fare Card ikiwa chini ya bei ya pasi, chukua kadi. Pasi ya siku 3 daraja la pili inazidi faranga 240, na kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo kila siku inavyokuwa nafuu. Hiyo ya siku 3 mara nyingi hailipi isipokuwa utahangaika sana barabarani. Daraja la pili linatosha. Viti ni safi, madirisha ni yaleyale, na mlima haujui umekata tiketi gani.

## Saa ya steshoni na saa yetu

Jambo hili hutalikuta kwenye vitabu vya Wazungu. Ratiba za Uswisi zimeandikwa kwa saa 24, na sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Mwaka juzi nilimwambia binamu yangu kwa simu, "Treni ni saa mbili na dakika nane." Nilimaanisha asubuhi, 08:08. Yeye kakaa Ujerumani kuliko mimi, akaelewa 14:08. Nilisimama jukwaani na mabegi mawili, treni ikaondoka, nikamkuta bado kitandani. Tangu siku hiyo naandika namna zote mbili kwenye karatasi moja: 08:08 ni saa 2:08 asubuhi, 15:32 ni saa 9:32 alasiri. Toa au ongeza 6, na uandike asubuhi au jioni waziwazi. Majira yao ya baridi yapo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 2, jambo la kukumbuka unapopiga simu nyumbani.

Usahihi wao si hadithi. Saa za steshoni, zilizobuniwa na Hans Hilfiker mwaka 1944, zina mshale mwekundu wa sekunde unaozunguka upesi kidogo kisha kusimama juu kabisa kwa sekunde moja na nusu, ukisubiri ishara, halafu dakika inaruka. Ukisimama chini yake uutazame, utaelewa kwa nini kubadilisha treni kumepangiwa dakika 5 tu na bado watu wanatembea bila kukimbia. Treni moja inaingia, nyingine inangoja upande wa pili wa jukwaa. Angalia kwenye programu behewa lako litasimama sehemu gani, A, B, C au D, kisha kasimame chini ya herufi hiyo.

Kutokana na mwanga, kanuni yangu ni hii: njia ya kutazama ipande kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni. Safari za kuhama tu, kama Zürich hadi Chur, zifanye gizani.

## Njia zenyewe

Treni za kitalii zenye madirisha hadi darini zina jina kubwa: Glacier Express kutoka Zermatt hadi St. Moritz, kilomita 291 kwa saa 8 hivi, na Bernina Express kutoka Chur hadi Tirano. Pasi inalipia nauli, lakini kiti lazima ukikate mapema na kukilipia juu yake. Sina ugomvi nazo. Ila wakati wa baridi nazikwepa kwa sababu mbili. Kwanza, kiti umeshakilipia Jumanne, na Jumanne ukungu ukikaa umekaa. Pili, dirisha lake halifunguki, na kioo kinarudisha taa za ndani kwenye picha zako. Treni za kawaida za mkoa zinapita reli zilezile, juu ya madaraja yaleyale, karibu kila saa, bila kukata kiti, na baadhi ya mabehewa yake yana madirisha ya kushusha.

Chur hadi Tirano. Kama una siku moja tu, nenda huku. Kaa upande wa kulia unapotoka Chur. Baada ya Tiefencastel kaa macho: linakuja daraja la Landwasser, la mwaka 1902, matao 6 ya mawe, urefu wa mita 65 kutoka bondeni. Reli inapinda juu yake na kuingia moja kwa moja tunduni kwenye uso wa jabali. Haichukui hata dakika, kwa hiyo simu iwe tayari mkononi. Baada ya Bergün reli inajizungusha ndani ya mlima kama nyoka ili ipate kimo, na kijiji kile ulichokiacha kinatokea tena chini yako, mara kushoto mara kulia, kila mara kidogo zaidi.

St. Moritz au Pontresina unabadilisha, unaanza kupanda Bernina. Kituo cha Ospizio Bernina kipo mita 2,253, na treni inafika huko bila reli ya meno, kwenye mwinuko unaofikia 7 kwa 100. Njia hii pamoja na ile ya Albula zimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Ziwa la juu wakati huo halionekani, ni uwanja mweupe. Siku tuliyopita na Shangazi treni ilisimama pale dakika chache kupisha nyenzake. Nikashusha dirisha kidogo, kama upana wa kiganja. Upepo ukaingiza theluji kavu, laini kama unga wa muhogo, ikatua kwenye mkono wake uliochorwa hina. Aliitazama ikigeuka maji chembe kwa chembe, hakuifuta.

Kutoka hapo unashuka mita 1,800 hadi Tirano, Italia, kwa saa moja na nusu hivi, ukipita Brusio ambako reli inazunguka duara hewani na kupita chini ya tao lake yenyewe. Safari nzima kutoka Chur ni saa 4 na ushee. Lugha za vituo zinabadilika njiani, Kijerumani, Kiromansh, kisha Kitaliano. Chukua pasipoti, kula mchana Tirano kwa yuro, rudi. Ukiweza kulala Poschiavo au Pontresina, bora zaidi, hutarudi gizani.

Bergün na Preda. Barabara ya Albula hufungwa kwa magari wakati wa theluji, na sehemu yake ya kilomita 6 kutoka Preda hadi Bergün inageuzwa njia ya sileji, kile kiti cha kuteleza juu ya theluji. Unakodi sileji Bergün, treni inakupandisha, unateremka mwenyewe, unapanda tena. Hakuna ujuzi wa kuteleza unaohitajika, breki ni visigino vyako. Ulizia steshoni namna pasi yako inavyohesabiwa kwenye treni za sileji.

Chur hadi Brig kupitia Oberalp. Ni njia ya Glacier Express kwa treni za kawaida, ukibadilisha Disentis na Andermatt. Asubuhi unapita korongo la Rhine lenye kuta za chokaa nyeupe, kisha unapanda hadi Oberalp, mita 2,033, ambako kuna siku theluji imekatwa ukuta pande zote mbili na unapita kama ndani ya mfereji. Behewa linajaa watu wenye mbao za kuteleza. Wape nafasi, usiweke begi mlangoni.

Zermatt na Gornergrat. Zermatt haina magari ya petroli, na kutoka Visp ni saa moja na dakika chache ndani ya pasi. Reli ya Gornergrat, inayotumia umeme tangu ilipofunguliwa 1898, inakufikisha mita 3,089 kwa dakika 33, na hapo unalipa nusu. Matterhorn, mita 4,478, inakuwa mbele yako mzimamzima. Kaa kulia unapopanda.

Brig hadi Lauterbrunnen. Programu itakuchagulia njia ya haraka inayopita chini ya mlima kwenye handaki la kilomita 34. Usiikubali. Andika upitie Kandersteg, nawe utapanda treni ya mkoa kwenye njia ya zamani ya 1913 inayokwea ukingoni mwa bonde la Rhône. Dakika 40 zaidi hivi, na unaziona zote.

Kutoka Lauterbrunnen pasi inakufikisha bure Wengen na Mürren, vijiji viwili vilivyoning'inia juu ya majabali na visivyo na magari. Mürren napenda zaidi: waya hadi Grütschalp, kisha treni ndogo inayotembea ukingoni, Eiger, Mönch na Jungfrau zimejipanga upande wa pili wa bonde. Jungfraujoch, steshoni ya juu kuliko zote Ulaya, ipo mita 3,454. Pasi inakufikisha Wengen au Grindelwald, na kuanzia hapo unapata punguzo la robo tu. Ni ghali. Usikate tiketi hiyo kabla ya kuangalia kamera za mlimani asubuhi ileile. Aliyepanda Kilimanjaro anajua Horombo ipo mita 3,720 na watu huifikia siku ya pili kwa miguu. Jungfraujoch unafika kwa saa mbili hivi umekaa. Mwili haujazoea. Tembea polepole, kunywa maji, na mwenye shida ya moyo au presha amuulize daktari wake kabla.

## Kulala na mizigo

Usilale Zermatt wala St. Moritz kama pesa ni ya kuhesabu. Lala kwenye miji ya reli iliyo chini, uende vijijini mchana: Chur kwa upande wa mashariki, Brig au Visp kusini, Spiez au Interlaken kwa Bernese Oberland, Luzern kwa katikati. Vituo vitatu kwa siku 8 vinatosha. Kuhama kila usiku na begi kwenye barafu ni adhabu.

Begi liwe moja, dogo la kulibeba ngazini. Steshoni kubwa zina makabati ya kukodi, na unaweza pia kulituma begi kutoka steshoni moja hadi nyingine kwa malipo. Ukifika hoteli, uliza kadi ya mgeni; miji mingi inakupa usafiri wa bure wa hapo mjini, ambao unaokoa siku yako ya Flex.

Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi za Uswisi. Chaja yenye miguu miwili myembamba ya mviringo inaingia. Na anayekuja na laini ya simu kutoka Ujerumani au Ufaransa asidhani intaneti ni ileile: Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, na kifurushi chako kinaweza kukutoza vibaya mpakani. Pakua ratiba kabla.

## Mavazi

Makoti mazito usiyanunue Uswisi. Nenda soko la mitumba: Memorial pale Moshi, Karume Dar, Gikomba Nairobi. Makoti ya kuteleza kwenye theluji yanapatikana huko kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani Ulaya. Angalia zipu na mshono wa mabega, na limwagie maji kidogo uone kama yanateleza au yananywewa.

Vaa tabaka. Fulana ya kubana mwilini, isiwe ya pamba kwa sababu pamba ikilowa jasho inakugandisha. Juu yake sweta la sufu. Juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Ndani ya behewa kuna joto, utavua, na ukishuka utavaa tena, mara kumi kwa siku. Viatu ndivyo vya kugharamia: soli yenye meno marefu, na nafasi ya soksi za sufu bila kubana vidole. Njia za miguu zina barafu nyembamba isiyoonekana, hasa asubuhi. Tembea kwa hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Hewa ni kavu sana. Chukua vaseline kwa midomo na mikono, na miwani ya jua, maana theluji inarudisha mwanga hadi macho yanauma. Betri ya simu hufa haraka kwenye baridi. Ikiwa pasi yako ipo kwenye simu, iweke simu mfuko wa ndani karibu na mwili, na uwe na nakala ya karatasi pamoja na pasipoti. Hakuna mageti kwenye steshoni. Wakaguzi hupita ndani, na wanataka kuona vyote viwili.

## Kula

Kahawa na keki mbili mlimani zinaweza kukutoa machozi. Nunua mkate, jibini, matunda na karanga kwenye maduka ya Migros au Coop jioni. Jumapili maduka hufungwa isipokuwa yaliyo ndani ya steshoni kubwa. Maji ya bomba ni safi, jaza chupa. Kula ndani ya treni kunaruhusiwa, na chapati za kukunja na mayai zilitufaa kuliko mgahawa wowote.

Kwa Waislamu: fondue, jibini iliyoyeyushwa ya kuchovya mkate, hupikwa kwa mvinyo mweupe, na mara nyingi huongezwa pombe kali. Rösti ya viazi inaweza kuja na nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vidogo usipouliza. Raclette, jibini ya kuyeyusha na viazi, haina pombe ndani yake. Adhuhuri na Alasiri zinakaribiana sana Desemba na Januari. Zipange kabla hujapanda safari ndefu. Steshoni kuu ya Zürich ina chumba cha ibada kwa watu wa dini zote.

## Siku 8 mfano

Siku ya kwanza, kutoka uwanja wa ndege wa Zürich hadi Chur, jioni. Ya pili Bernina, ya tatu sileji Bergün au mapumziko. Ya nne Oberalp hadi Brig. Ya tano Gornergrat. Ya sita Kandersteg hadi Spiez. Ya saba Mürren. Ya nane Interlaken hadi Luzern kupitia Brünig, Rigi kama anga iko wazi, na Zürich usiku.

Hiyo ni karatasi tu. Kila jioni angalia utabiri wa MeteoSwiss na kila asubuhi angalia kamera za vilele kabla ya chai. Ukungu ukiwa Chur na jua Tirano, nenda Tirano. Siku ya pili na ya tatu zinabadilishana. Ya tano na ya saba haziwezi, kwa hiyo ukiwa Brig bakisha usiku wa ziada kama bajeti inaruhusu.

Kwenye njia ndogo za milimani vituo vingine ni vya kuomba. Jukwaani kuna kitufe cha kubonyeza ili treni isimame, na ndani ya behewa kipo kingine cha kubonyeza unapotaka kushuka. Nimeona wageni wamekaa wametulia na mabegi magotini, wakitazama kituo chao kinapita dirishani.

Reli hufungwa theluji ikizidi. Januari 2018 hatari ya maporomoko ilikata njia za Zermatt na watalii wapatao 13,000 wakabaki juu. Kwa hiyo usiku wa kuamkia ndege, usilale mwisho wa bonde lolote. Lala Luzern au Zürich. Kutoka steshoni kuu ya Zürich hadi uwanja wa ndege ni dakika 10 kwa treni, na pasi, kama umebakiza siku, inalipia na hiyo.